Nyumba Ndani ya Duka la Mawe

Kaka yangu Cornelius alifariki mwezi wa pili mwaka wa tisini na sita, akaniachia jengo ambalo halikuwa lake wala langu.

Lilikuwa la Mama Wahu. Watu wa Lodwar waliliita Duka la Mawe, kwa sababu Mhindi mmoja alipolijenga kabla ya uhuru, karibu kila kitu kingine mjini kilikuwa cha matope, makuti na ngozi. Kuta zake zilikuwa nene hivi kwamba mtu mzima aliweza kuketi dirishani na asitokeze nje. Mbele palikuwa na baraza lenye nguzo, kisha duka lenyewe, na nyuma ya duka ghala kubwa lenye paa la mabati lililoinuka juu sana. Humo zamani yalikaa magunia ya unga, na ngozi za mbuzi zilizongoja lori la Kitale.

Mhindi alipohama, Mama Wahu alilinunua akauza humo miaka mingi. Baadaye wakimbizi walikuja Kakuma, biashara ikawafuata, na Mama Wahu akaifuata biashara. Alitia kufuli mlangoni akawaachia popo.

Mimi nilikuja Lodwar baada ya kidato cha nne, kumpikia kaka yangu, ambaye alikuwa mchora ramani katika ofisi ya ujenzi. Kumpikia hakukumaliza siku yangu. Jioni na Jumamosi yeye aliandika mabango ya maduka, na aliponiona nasimama nyuma yake bila kazi, akanipa brashi. Alinianzisha na herufi O. Alisema herufi nyingine zote ni mchezo kwa mtu aliyeiweza hiyo. Baada ya muda nikawa naandika “Hoteli”, “Kinyozi” na “Duka la Dawa” peke yangu, na wenye maduka hawakujua ni mkono wa nani kati yetu.

Miaka hiyo mashirika yalijaa mjini, na wenye nyumba wakagundua kwamba mgeni wa shirika analipa kodi bila kuuliza. Watu wa kazi za mikono wakaanza kutolewa. Ewoi, kijana aliyechonga vigoda vya kulalia kichwa, alitolewa kwa sababu ya vumbi la mbao. Aregae na wenzake, akina mama wasuka vikapu, walilala kwenye baraza la duka la mtu na kufukuzwa kila asubuhi kama kuku. Sisi wawili tulikuwa salama, katika nyumba ya serikali. Cornelius hakupenda kuwa salama peke yake.

Akaenda Kakuma kumwona Mama Wahu, akarudi na ahadi. Yeye na wenzake walisafishe Duka la Mawe, walitie vyumba. Baada ya Pasaka Mama Wahu angekuja kuona kwa macho yake. Akikuta mahali ambapo mtu anaweza kuishi, angewapangisha wasanii kwa kodi ndogo wanayoiweza. Akikuta bado ni pango la popo, angempa Kiprop, wakala wa bia, ambaye alitaka kubomoa baraza ili malori yaingie kinyumenyume hadi ghalani.

Cornelius aliwatoa popo. Aliziba paa, akachora vyumba vyote kwenye karatasi, vya mraba, kila kimoja na mlango wake. Halafu malaria ikampanda kichwani, na kwa wiki moja ikamaliza kazi yake.

Tulimzika nyumbani, Kimilili. Niliporudi Lodwar kuchukua vitu, karani wa ofisi alikuja akasimama mlangoni na kofia mkononi. Aliniambia kwa upole kwamba afisa mpya anakuja na familia yake, na nyumba inahitajika mwisho wa mwezi wa nne.

“Pole sana, dada,” akasema. “Una pa kwenda?”

Kimilili kilikuwepo kitanda changu. Lakini hapakuwa na mtu wa kuandikiwa bango, na kama ningerudi huko, najua brashi zingekauka na mimi nikauke nazo. Lodwar ndiko nilikojua kazi. Pa kukaa palikuwa mahali pamoja tu, Duka la Mawe, na hapo hapakuwa pangu.

Basi nikapanda basi kwenda Kakuma, kuuliza kama ahadi ilikufa pamoja na mwenyewe.

Duka jipya la Mama Wahu lilikuwa kando ya barabara ya Lokichoggio, la mabati matupu, juu, chini na ubavuni. Ndani palikuwa kama tanuri. Yeye alikaa katikati ya magunia na katoni za sabuni, akijipepea na kipande cha boksi, akigombana na mteja kwa Kiswahili, na mwingine kwa Kiarabu cha Juba, bila kubadilisha sauti. Aliponiona aliacha kujipepea.

“Wewe ni wa Cornelius.”

“Ndiyo, Mama. Dada yake.”

“Kaa hapo. Si hapo, hapo ni unga.” Akanimiminia chai. “Nililia siku niliposikia. Kijana alikuja hapa akaniambia nipangishe watu wasio na mshahara, na bado nikamwona ana akili. Si jambo la kawaida.”

“Nimekuja kwa ile ahadi, Mama.”

“Ahadi nilimpa Cornelius.”

“Cornelius amekufa.”

“Najua amekufa. Na Kiprop hajafa. Ananitembelea kila akipita, ananiletea soda.” Akajipepea. “Sikiliza, mami. Mimi sina ubaya. Nitakuja Jumanne baada ya Pasaka, kama nilivyomwambia yeye. Kiprop naye nitamwita siku hiyohiyo, nisisafiri mara mbili. Nikikuta vyumba, ni vyenu. Vyumba, Nekesa, si hadithi.”

Nje ya duka, kwenye kivuli cha ukuta, kijana mrefu wa Kidinka alikuwa akikaza nyuzi za rababa, kinanda kilichotengenezwa kwa debe la mafuta. Aliitwa Athian. Alikuwa amesikia kila kitu, kwa kuwa bati halifichi maneno.

“Cornelius aliandika bango ya kanisa yetu,” akaniambia. “Hakuchukua kitu. Mimi iko na ruhusa ya kutoka kambi mwezi moja, ya kwenda kuuza rababa. Naweza beba mawe. Kulala, nalala popote.”

“Kuna mtu Lodwar atakuuzia rababa?” nikamtania.

“Hakuna. Lakini ruhusa inasema kwenda, haisemi kuuza yote.”

Tukarudi pamoja.

Kazi ilikuwa imebaki moja, ya kugawa ghala kwa mbao kama Cornelius alivyochora. Mbao zilikuwa zimeagizwa Kitale. Lakini mvua za huko juu zilishuka, barabara ikakatika huko Kainuk, na malori yakalala ng'ambo. Ewoi alikwenda stendi kila siku kuuliza habari, akarudi kila siku na habari ileile.

Wiki ya Pasaka ilipofika, niliwaita wote ghalani. Nilisimama katikati ya ile sakafu tupu na karatasi ya kaka yangu mkononi, na sauti yangu ikarudi kutoka kwenye paa kama ya mtu mwingine.

“Mbao hazitafika,” nikasema. “Kila mtu ajitengenezee chumba chake kwa kile anachoweza kupata. Matambara, maboksi, chochote. Mradi Mama Wahu akija aone vyumba.”

Aregae aliniuliza kwa sauti yake nzito, “Kila mtu chumba chake?”

“Chake, Ata.” Ndivyo tulivyomwita wote, yaani bibi.

“Ejok,” akasema. Sawa. Akainuka na wenzake wakamfuata.

Mimi nilikuwa nimeahidi bango la ghala la samaki Kalokol, na nilihitaji kazi hiyo. Nikaenda huko Alhamisi, nikasali Ijumaa Kuu na Pasaka na watu wa ziwani, na Jumatatu nikapanda lori la samaki waliokaushwa kurudi. Nilinuka kama mzigo wenyewe. Nilikuwa na tumaini dogo la mapazia na maboksi, yamepangwa vizuri.

Nilifungua mlango wa ghala nikasimama.

Ndani ya ghala la Mhindi, chini ya paa la mabati, kulikuwa na kijiji. Nyumba za mviringo za Kiturkana, zinazoitwa akai, kila moja kama kikapu kilichopinduliwa, fito za mathenge, ule mti wa miiba, zimekunjwa na kufungwa juu, zimefunikwa kwa makuti ya mkoma mabichi yenye harufu ya mto. Zilikuwa na milango midogo ya kuingia kwa kuinama. Mbele ya kila moja pamefagiliwa. Mama mmoja alikuwa ameshatandika ngozi na kulala.

“Ata!” nikasema. “Hii ni nini?”

“Vyumba,” Aregae akasema, akiendelea kufunga kuti.

“Vyumba vina kuta. Vina kona!”

“Kwenye kona kunakaa nini?”

Nikageuka kutazama kona za ghala.

“Nge,” akajijibu. “Wewe ulisema kila mtu chumba chake. Sisi tumekaa tunangoja mbao za wanaume tangu lini? Kwetu nyumba anajenga mwanamke. Anakata mwenyewe, anakunja mwenyewe, anafunika. Ndiyo maana ikiisha ni yake, hata mume anaingia kama mgeni. Hiyo ya mbao ingekuwa ya nani? Ya fundi?”

Ewoi alikuwa ameketi juu ya gogo lake kwenye ubavu mmoja, pasipo chochote juu yake.

“Na Ewoi je?”

“Ewoi atafute mke,” Aregae akasema. “Atamjengea.”

Wanawake wakacheka. Ewoi akainama zaidi juu ya kigoda chake. Athian, ambaye alikuwa amewabebea fito zote kutoka mtoni na kuchomwa mikono yote, alisema kwamba kwao pia mwanamume asiye na mke hulala na ng'ombe, ila hapa hata ng'ombe hakuna.

Mimi sikucheka. Nilimwona Mama Wahu akisimama pale niliposimama. Nilimwona Kiprop nyuma yake. Mtu aliyeagiza vyumba vya mawe na mbao angekuta manyata ndani ya duka lake, na angesema tumemfanyia mzaha, na wa kwanza kulaumiwa angekuwa mimi niliyekunywa chai yake. Nilimwomba Aregae wazibomoe, tutundike mablanketi tu.

“Mwanangu,” akasema, “umefiwa, nakuvumilia.” Akarudi kwenye kazi yake.

Mama Wahu alifika Jumanne jua likiwa utosini. Alikuwa ametoka Kakuma juu ya lori alfajiri, amejifunga leso kichwani na nyingine mdomoni, na vumbi limempaka rangi moja kuanzia nywele hadi viatu. Alipita barazani bila kusema, akagonga nguzo moja kwa mkono, akapita dukani, ambako tulikuwa tumepaka chokaa na Ewoi amepanga vigoda. Hapo alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaingia ghalani.

“Yesu wangu,” akasema.

Akazunguka. Akasimama.

“Nekesa! Nani amejenga manyata ndani ya duka langu?”

“Mama, mbao zilikwama—”

“Mimi nilisema vyumba! Tangu Mhindi aache hapa hakuna mtu amewahi kuniletea kichaka ndani ya nyumba. Nitawaambia nini watu? Kiprop ataniona mjinga. Na kweli mimi ni mjinga, nimetoka Kakuma na mgongo huu kuja kuona makuti!”

Niliona nyumba ya serikali, kisha basi la Kitale, kisha kitanda cha Kimilili.

Aregae alikuja na kibuyu cha maziwa ya ngamia na kikombe cha maji.

“Umechoka,” akamwambia Mama Wahu, kana kwamba hakusikia neno. “Kunywa kwanza. Kelele haikimbii.”

Mama Wahu alikunywa maji yote. Akanywa maziwa. Jasho lilimtiririka, akatafuta pa kukaa.

“Hata kiti hamna.”

“Ingia uone,” Aregae akasema. “Unatukana nyumba hujaingia.”

“Mimi? Niingie huko?”

“Unaogopa kuinama?”

Hapo wanawake wenzake wakaguna kidogo, mguno wa kumchokoza, na Mama Wahu, ambaye sikuwahi kumwona akikubali kushindwa na mtu, alikunja leso yake, akainama, akaingia. Tulimsikia akilalamika ndani. “Mbona ni giza.” Kisha, “Hii ngozi ni safi?” Kisha, “Hm.” Bati la juu lilikuwa mbali, kuta za mawe zilikuwa zimeshikilia ubaridi wa usiku, na makuti yalikuwa bado yana unyevu wa mtoni. Nilingoja neno lingine. Halikuja. Nilichungulia. Mama Wahu alikuwa amejilaza ubavu, kigoda cha Ewoi kimemshika kichwa, viatu vimevuliwa vizuri pembeni, na alikuwa anakoroma.

“Mwacheni,” Aregae akasema, akaketi mlangoni na kuendelea kusuka kikapu.

Kiprop alifika baadaye na lori. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye kamba ya kupimia kwenye ukanda. Alianza kupima baraza kabla ya kutusalimu. Alipofika ghalani alicheka mpaka akashika mbavu.

“Hii ni nini sasa, sinema? Mama Wahu yuko wapi?”

“Amelala,” nikasema.

“Amelala wapi?”

Athian akaonyesha kwa kidevu.

“Huko? Mama Wahu? Hebu nimwamshe, lori inangoja.” Akapiga hatua.

Aregae hakuinuka. Alinyoosha mguu tu, ukafunga mlango ule mdogo.

“Unakwenda wapi?”

“Kuamsha mama.”

“Nyumba hii ni ya nani?”

“Si ni ya Mama Wahu? Duka lote ni lake.”

“Mawe ni yake. Akai hii niliikunja mimi. Yeye amelala kwangu, ni mgeni wangu. Wewe nani amekukaribisha?”

Kiprop aliniangalia mimi, msomi mwenzake, nimsaidie. Nikaangalia pembeni.

“Lakini mama, ni biashara. Dakika moja tu.”

“Kwenu, wewe unaingia tu kwa nyumba ya mwanamke ambaye si wako?” Aregae akauliza, na wale wanawake wengine wakatoa vichwa milangoni mwao, mmoja baada ya mwingine, kumtazama mtu wa namna hiyo.

Kiprop akarudi nyuma hatua moja. “Sijasema hivyo,” akasema. Akarudi barazani. Alingoja pale. Baraza lilikuwa na kivuli, lakini upepo wa saa hizo Lodwar ni kama wa jikoni. Aliita mara moja, “Mama Wahu!” na sauti ikaishia kwenye kuta. Dereva wake akaanza kupiga honi, akisema kwamba mawingu yamesimama milimani, na mto Kawalase ukijaa hawatavuka na mzigo wa Kalokol. Kiprop alitembea huku na huku. Honi ikalia tena. Mwishowe akaja ghalani, akasimama mbali na ule mlango.

“Mwambieni nilikuja.”

“Tutamwambia ulikuwa na heshima,” Aregae akasema. “Mwishoni.”

Mama Wahu aliamka jua likiwa limeshuka. Alitoka kwa magoti, akajinyoosha, akashika kiuno, akatuangalia kama watu aliowaona kwanza ndotoni.

“Nimelala?”

“Umelala, Mama,” nikasema.

“Kwa muda gani?”

“Kiprop amekuja na ameenda.”

Nilidhani atanigombeza. Aliketi juu ya gogo la Ewoi, akavaa viatu taratibu.

“Tangu nihamie Kakuma sijalala mchana,” akasema. “Ile bati inanipika. Usiku nalala nusu, na nusu nahesabu magunia. Nilifikiri ni uzee.” Akaitazama ile nyumba. “Cornelius nilimwambia, nikikuta mahali mtu anaweza kuishi. Sasa mimi mwenyewe nimelala bila kutaka. Nitabishana na nani?”

Ewoi alikuwa ameacha patasi hewani.

“Lakini moto humu ndani hapana! Mnisikie. Kupika ni uani. Na juu musiguse bati. Na huyu kijana mumwekee mbao zikifika, asikae kama yatima. Na hii hapa…” akagonga ile aliyolala, “hii ni ya kwangu nikija Lodwar.”

“Hiyo ni yangu,” Aregae akasema. “Yako ujenge mwenyewe. Mathenge iko mtoni.”

Mama Wahu alimtazama, kisha akacheka kicheko ambacho sikujua anacho, cha tumbo, mpaka leso ikaanguka. Athian akachukua rababa.

Nilitoka uani. Tangu mazishi nilikuwa sijalia vizuri. Nililia mara moja Kimilili, kwa sababu watu walikuwa wananiangalia, na hiyo haihesabiki. Sasa nililia nikiwa nimeegemea ukuta wa mawe, na haikuwa vibaya. Ilikuwa kama kutua mzigo mahali unapojua hautaibiwa. Nilifikiria karatasi ya kaka yangu yenye vyumba vya mraba. Angekuja, angeona, angevuta penseli sikioni, angefuta yote na kuchora upya kwa duara. Najua angefanya hivyo. Angekuwa na haraka.

Jumamosi niliazima panga nikaenda mtoni na akina mama. Miiba ya mathenge haina huruma. Fito zangu zilikuwa nene mno, kisha nyembamba mno, na nilipozikunja moja iliruka ikanipiga mdomoni. Aregae aliizunguka kazi yangu, mikono nyuma.

“Imelewa?” akauliza.

“Inajifunza kusimama, Ata.”

“Hm. Na mwenyewe?”

“Na mwenyewe.”

Hakunifungulia hata fundo moja. Alinionyesha tu kwenye yake, akarudi kuketi, akinitazama nikifunga na kufungua.

Mwisho wa mwezi afisa mpya alikuja na mkewe na watoto, na mizigo juu ya gari. Nilikuwa nimefagia. Mke wake alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, amechoka na safari, na aliona haya kunikuta mlangoni na godoro langu limefungwa kamba.

“Samahani dada, kumbe bado uko,” akasema. “Unahamia wapi?”

“Hapo mjini tu. Duka la Mawe.”

“Kuna nyumba huko?”

“Ipo,” nikasema, nikiinua godoro. “Upande mmoja bado sijafunika.”